Makofi ya Jumapili Mchana

Emmerich Zwillich aliuza vifungo. Mji wetu wa Dresden ulimjua hivyo: yule bwana mwembamba wa ghorofa ya pili katika duka kubwa, anayelitazama koti lako mara moja tu, akafungua droo na kukutolea kifungo kile kile ulichopoteza. Tamthilia zake aliziandika nyuma ya kadi ngumu za kijivu ambazo vifungo hushonewa. Wateja walizungumza, yeye akasikiliza. Siku moja mama mmoja alimwambia mwenzake kwamba jirani yake Myahudi ni mtu mzuri kabisa, mtu wa kupendeza, na ndiyo maana ingekuwa heri ahame mapema kabla hajaumizwa. Emmerich alivifunga vifungo vya yule mama kwa karatasi, akamwambia karibu tena, kisha akainama chini ya kaunta na kuandika.

Nilimwambia mara nyingi kwamba anawachokoza watu. Alisema hachokozi, ananakili tu.

Kwenye mabango hakutumia jina lake. Aliitwa Veit Odenthal. Jina hilo nilimchagulia mimi, zamani tulipokuwa mume na mke, kwa sababu meneja wa duka hakutaka muuzaji wake ajulikane kwa mambo ya jukwaani. Baadaye tuliachana, kwa adabu, bila kugombana sana. Ugomvi wetu wote alikwisha kuuandika, na kila mara maneno mazuri alijipa yeye. Lakini niliendelea kuigiza katika tamthilia zake, kwa sababu hakuna mwingine aliyeandika watu jinsi nilivyowasikia kwenye ngazi za nyumba yetu. Mimi sikupita chuo chochote cha uigizaji. Nilijifunza kwa kusimama juu kabisa kwenye viti vya bei rahisi, nikirudia midomo ya waliokuwa chini.

Majira yale ya kuchipua ya mwaka 1933, jina lile la Odenthal likawa kitu kingine. Gazeti la wale wenye mashati ya kahawia, wapiganaji wa chama kilichokuwa kimetwaa serikali, liliandika kwamba mtu anayewacheka Wajerumani mbele ya Wajerumani lazima atafutwe, na akipatikana atafundishwa kucheka vizuri. Hatukulichukua kama mzaha. Mchapishaji wetu wa mabango alikuwa amechukuliwa wiki mbili kabla, akarudi bila meno ya mbele, na hakutaka kusema na mtu. Walichomuuliza, mkewe alituambia, ni kimoja tu: Odenthal ni nani? Hakujua. Mabango aliletewa na mkurugenzi, hakuwahi kumwona mwandishi.

Tuliojua tulikuwa wachache. Mimi. Mzee Lothar Hollmann, aliyekuwa akiigiza ndugu na baba zangu tangu nilipoanza kazi. Bibi Pertsch, mnong'onezaji wetu, aliyekaa kwenye shimo lake mbele ya jukwaa na kutukumbusha maneno tukiyasahau. Na mkurugenzi wetu, Bwana Kuhlbrodt. Kwa wengine wote, Emmerich alikuwa muuza vifungo anayekuja jioni kutengeneza nguo za maigizo, na ambaye, kwa bahati mbaya, aliwahi kunioa.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi. Sura ya Emmerich ilijulikana na mji mzima, na haikuwa na kosa. Jina la Odenthal lilikuwa na kosa, na halikuwa na sura. Vitu hivyo viwili visipokutana, angeishi.

Tamthilia yenyewe iliitwa Klabu ya Matembezi. Ni kichekesho. Wanachama wa klabu katika mji mdogo wanakutana kumfukuza mtunza hazina wao, mtu ambaye wote wanampenda. Kila mmoja anasimama na kueleza kwa upole kwa nini ni kwa faida yake mwenyewe. Mwishoni wanamwimbia wimbo wa kumuaga, wanamfungia shanta mgongoni, na kumtoa nje kwenye theluji, na mmoja anamkimbilia na skafu ili asipate mafua. Tulikuwa tumeifanyia mazoezi tangu mwaka uanze. Bwana Kuhlbrodt aliogopa kuionyesha, na aliogopa pia kuonekana kwamba ameogopa. Akaamua iende mara moja tu, Jumapili mchana, saa ambazo kumbi za kwetu huwapa waandishi wapya kwa kuwa jukwaa limelala.

Kulikuwa na jambo moja la kumalizana na Emmerich, nalo ni kuinama.

Kwetu mwandishi hutoka siku ya kwanza. Watazamaji humwita, naye hupita mbele ya pazia na kuinama, wamshangilie au wamzomee. Mwandishi asiyetoka huhesabiwa kama baba aliyekataa kwenda kanisani siku ya ubatizo wa mtoto. Emmerich alikuwa ametoka mara mbili katika maisha yake, zamani, katika mji wa mbali ambako hakuna aliyemjua, na mara zote mbili alipigiwa miluzi. Mara ya pili alirushiwa tufaha. Alilidaka, akainama, akarudi nalo ndani, akalila.

"Safari hii hutoki," nilimwambia Jumamosi, akiwa anashona kifungo kwenye gauni langu.

"Sitoki."

"Hata wakiita."

"Rosalie, hawajawahi kuniita. Waliniita ili wanipige." Alikata uzi kwa meno. "Nitakaa hapa nyuma na sindano yangu. Nikitoka, niite mpumbavu."

"Mpumbavu nilikwisha kukuita mbele ya hakimu."

"Basi utakuwa umezoea."

Jumapili kabla ya pazia, Mzee Lothar alizunguka kama kawaida, akitutemea mate hewani mara tatu juu ya bega la kushoto, kila mmoja wetu, kwa ajili ya bahati. Anayetemewa hajibu. Akishukuru, bahati imeharibika, na hata anayejifanya haamini mambo hayo hufunga mdomo. Emmerich alikuwa anatazama kwenye tundu la pazia, akihesabu viti vilivyojaa. Mzee Lothar alimtemea, naye, bila kugeuka, akasema asante.

Mzee Lothar alijaribu kucheka. "Umri wote huu kwenye ukumbi," alisema, "na bado ana adabu za dukani." Lakini nilimwona akijifuta kiganja kwenye suruali.

Kuhusu mchezo wenyewe sina mengi. Ulikwenda vizuri kuliko mchezo wowote niliowahi kuigiza. Watu walicheka mapema, halafu wakawa wanacheka kwa kuchelewa, halafu mwanachama wa tano aliposimama kueleza upendo wake kwa mtunza hazina, hawakucheka kabisa. Nikiwa jukwaani sioni zaidi ya safu mbili za mbele kwa sababu ya taa. Nilichosikia ni kikohozi, viti, na pumzi. Mzee Lothar, aliyeigiza mtunza hazina, alivua shanta na koti la matembezi baada ya kutolewa nje kwenye theluji, akavitupa kwenye ngazi ya kushukia chini ya jukwaa kama alivyofanya kwenye mazoezi, na pazia likafungwa.

Makofi yakaanza.

Tuliinama, pazia likafunguka, tukainama tena. Kisha Bwana Kuhlbrodt akaashiria pazia la chuma lishushwe. Kila ukumbi wa kwetu unalo, kwa ajili ya moto. Likishuka, mchezo umekwisha na watu huenda kuchukua makoti yao. Lakini katikati ya chuma kile kuna mlango mdogo, na watazamaji wasipokubali kuondoka, mtu hutoka kwa mlango ule na kusimama peke yake kwenye ukingo wa jukwaa. Wako waigizaji waliozeeka bila kuupita. Siku ile tuliupita wote. Chuma kilishuka na makofi hayakupungua hata kidogo.

Nilipotoka zamu yangu, taa za ukumbi zilikuwa zimewashwa. Niliinama, nikainua kichwa, na ndipo nikawaona.

Walikuwa katika safu za katikati, wanaume tu, wamevaa suti nzuri za Jumapili. Chini ya suti hizo walivaa buti. Watu wengine walipiga makofi ovyo, kama watu wanavyopiga, kila mmoja na furaha yake. Hawa walipiga pamoja, kama wanaotembea. Wala hawakunitazama mimi. Walitazama mlango mdogo nyuma yangu.

Kwenye ncha ya safu alisimama Bwana Pohlenz, mfamasia wa barabara kuu. Nilimjua vizuri. Alipenda maigizo kuliko mtu yeyote mjini, hakuwahi kukosa siku ya kwanza, na aliwahi kuniletea maua nilipougua koo. Aliniinamia kidogo, kwa heshima, mikono ikiendelea kwenda.

Nikaelewa kwa nini mchezo uliruhusiwa. Hawa hawakuwa watu wa kutoka mbali. Walikua kwenye viti vile vile kama sisi, na desturi yetu waliijua kama sisi. Walikuja kulipatia sura lile jina.

Nilirudi ndani. Emmerich alikuwa amesimama mbele ya kioo cha ukutani, amevaa koti lake jeusi, anachana nywele.

"Unawasikia?" aliniuliza. Macho yalikuwa yamelowa.

Nikamwambia nilichoona. Nilisema polepole ili asidhani nimepandwa na wazimu: buti, makofi ya pamoja, Pohlenz.

"Buti," alisema. "Nje kuna matope, Rosalie."

"Wanapiga pamoja. Sikiliza."

Alisikiliza kwa kweli, kichwa kimeinama upande, kama anavyowasikiliza wateja. Alikuwa mtu aliyeweza kusikia chuki ndani ya neno 'karibu'. Lakini makofi yalikuwa yake, naye hakuwa amewahi kupata makofi, na sikio lile likamtupa siku hiyo hiyo aliyolihitaji. "Nasikia watu," alisema. "Miaka kumi na nane nimewaandikia, na leo wamekubali kwamba ni wao."

Nje Bwana Kuhlbrodt alikuwa amekwenda kushukuru kwa niaba ya mwandishi ambaye, alisema, kwa masikitiko makubwa hayupo. Sauti moja ikamjibu kutoka kwenye viti, ya upole, kwamba basi watamsubiri. Aliporudi ndani alikuwa mweupe kama unga. Hakunitazama. Alimtazama Emmerich, akaufungua mlango mdogo, akaushikilia.

"Nenda, bwana," alisema. "Wanakuita."

Sijui mpaka leo alikuwa na nini moyoni. Alikuwa na ukumbi na watu wanaoutegemea, na mke mgonjwa nyumbani. Huenda alifikiri kweli hawatathubutu mchana kweupe. Nimelifikiria mara nyingi na sijapata jibu la kumhukumu wala la kumwachia. Mimi nilimshika Emmerich mkono wa koti. Akaniondoa vidole kwa upole, kimoja kimoja, akapita.

Nilimwona mgongo wake kupitia mlango. Aliinama mkono ukiwa kifuani. Mwanamke mmoja mbele alimrushia kishada cha maua ya zambarau, naye akakiokota, akainama tena. Makofi yakapanda kiasi kwamba chuma kiliguna.

Halafu yakaanza kubadilika. Ilikuwa saa ya chakula. Nyumba zote za mji zilikuwa na nyama kwenye oveni na madonge ya viazi yanayoiva, na watu wema walikuwa wameshashangilia vya kutosha. Wakaanza kwenda kuchukua makoti. Mmoja mmoja makofi ya ovyo yalitoka kwenye kelele ile, kama nyama inavyotoka kwenye mfupa, na kilichobaki kikawa kikavu, cha pamoja, kisichochoka.

Emmerich aliinama mara nyingine. Alipoinuka, aliacha kutabasamu. Nilijua mabega yake. Nilijua wakati alipowasikia.

Aligeuza kichwa kuutafuta mlango, na nikaona Bwana Kuhlbrodt ameanza kuurudisha. Niliweka mguu wangu. Nilivaa viatu vya mbao vya mchezo, na mlango uliubana kwa nguvu, lakini haukufunga. Sikuwa na mpango wowote. Nilijua jambo moja tu, ambalo kila mwigizaji analijua bila kufundishwa: maadamu wanapiga, mtu yupo kwenye mchezo. Bila shaka waliagizwa wapige mpaka mwandishi amalize. Hawakuweza kumshika mtu anayeinama.

Nikatoka na kumshika mkono. Nikainama naye.

Nyuma yangu nikasikia kuguna, na Mzee Lothar akatoka kwa shida kwenye mlango ule, akamshika mkono wa pili. Kisha wakatoka wanawake wa klabu, na magauni yao mapana ya mchezo yakijaza ukingo wote, kisha wanaume, hata yule aliyeigiza nguzo ya taa kwenye onyesho la pili na hakuwa na neno hata moja. Hakuna aliyeambiwa kitu. Tulisimama mstari mmoja kati ya chuma na wale watu, tukashikana mikono.

"Inama, mwanangu," Mzee Lothar alisema kupitia meno, akitabasamu kwa watazamaji. "Mwandishi akisimama wima sana, watu hudhani ana pesa."

Kiganja cha Emmerich kililowa kwenye changu. "Niite mpumbavu," aliniambia.

"Baadaye."

Tuliinama tena. Na tulipokuwa chini, vichwa karibu na magoti, nikasikia sauti ya Bibi Pertsch.

Mnong'onezaji haondoki kwenye shimo lake mpaka kofi la mwisho. Shimo lile liko katikati ya ukingo, mbele ya chuma, limefunikwa kwa ubao uliopinda kama nusu pipa, na limezibwa upande wa watazamaji, wazi upande wetu. Bibi Pertsch aliingia humo kwa ngazi ya kutoka chini ya jukwaa. Kwa muda wote niliofanya kazi naye, alinipa maneno kwa sauti ambayo mimi niliisikia kama radi na safu ya kwanza haikuisikia kabisa. Sasa alinipa mengine.

"Mlete katikati," alinong'ona. "Mkiinama mara ya pili, ashuke. Miguu kwanza."

Tuliinuka. Tulisogea, mstari mzima, hatua ndogo za kando, kama watu wanaotafuta nafasi nzuri zaidi ya kushukuru. Tuliinama mara ya kwanza. Buti moja ilikwaruza sakafu mahali fulani mbele. Tukainuka, tukatabasamu, nikamrushia Bwana Pohlenz busu la mkono. Tukainama mara ya pili, chini kabisa, wanawake wakafungua magauni yao kwa upana kama wanavyofanya wasichana wa vijijini mbele ya mchungaji, na mkono wa Emmerich ukatoka kwenye mkono wangu.

Nilisikia kitambaa kikichanika. Kisha mkono wa Mzee Lothar ukashika wangu mahali ulipokuwa wa Emmerich, na tukainuka tukiwa tumekamilika.

Wakaendelea kupiga. Hilo ndilo siwezi kulisahau. Mikono ilikuwa imeagizwa, na macho yalichelewa nyuma ya mikono. Tuliinama, tukainuka, tukainama, nao wakapiga, na sisi tuliojua tulikuwa tunawaomba kimoyomoyo wasiache. Sikuwahi kuyataka makofi hivyo kabla ya siku ile, na baada yake sikuyataka tena.

Bwana Pohlenz akainua mkono. Yakakatika mara moja, kama bomba lililofungwa.

Walipanda jukwaani bila haraka. Wengine walipita kwenye mlango mdogo, na tukasikia vitu vikianguka ndani. Kijana mmoja mwenye shingo nene alipiga magoti mbele ya shimo na kuingiza kichwa. Bibi Pertsch alikuwa amekaa ameliziba lote kwa shali na sketi zake, akinyonya peremende.

"Nani amepita hapa?"

"Sema kwa sauti, baba. Mimi kiziwi."

"Nasema nani amepita!"

"Kitabu cha mchezo hakipo kwangu, anacho mkurugenzi."

Wenzake walicheka. Mnong'onezaji kiziwi, alisema mmoja, ndiyo maana ukumbi huu umekufa. Kijana akatoa kichwa, na uso wake ulikuwa mwekundu. Chini ya Bibi Pertsch kulikuwa na ngazi, na chini ya ngazi kulikuwa na mlango wa makaa ya mawe unaofungukia uani. Kutoka uani mpaka stesheni ni mwendo mfupi wa miguu, lakini ilikuwa Jumapili, mchana, barabara zimejaa, na Emmerich alikuwa na koti lililochanika.

Bwana Pohlenz alikuja na kusimama karibu nami, kama alivyozoea kufanya baada ya kila mchezo. Alinukia karafuu.

"Bi Hagedorn. Umefanya vizuri sana."

"Asante, Bwana Pohlenz."

"Mwandishi wenu ni mtu wa haya." Alitazama kando, si kwangu, akikunja kipaji. "Sura yake naijua. Si ajabu? Nimewahi kusimama mbele yake. Aliniambia kitu. Aliniambia karibu tena." Na alipokuwa akifikiri, vidole vyake vilipanda kifuani pake, vikaanza kuzungusha kifungo cha kizibao chake.

Kilikuwa kifungo cha pembe, cheusi, kipya kuliko vingine. Nilikiona, nikajua kilitoka kwenye droo ya nani. Vidole vilikwisha kujua. Kichwa bado.

Nilimfikiria Emmerich na kioo na kitana, na jinsi makofi yalivyomziba masikio. Kisha nikamuuliza Bwana Pohlenz swali ambalo hajawahi mtu kumuuliza katika maisha yake ya kukaa kwenye viti.

"Onyesho la pili," nilisema. "Nilipompa yule mtu skafu. Niambie ukweli. Niliharakisha?"

Aliacha kuzungusha. "Unaniuliza mimi?"

"Ni nani mwingine hapa anayejua?"

Alitazama watu wake, akanitazama. Kitu kililainika usoni mwake. Akaanza kwa kusitasita: kwamba kweli, nilikuwa nimeharakisha kidogo, kwamba kabla ya skafu kulihitajika kimya. Nikamwomba anionyeshe. Akanionyesha. Alisimama pale jukwaani, na buti zake, akashika skafu ambayo haikuwepo, akatembea hatua tatu, akasita, akaitoa. Nikasema sijaelewa, wapi hasa alisita. Akarudia. Alifanya vizuri, lazima niseme. Akahamia onyesho la kwanza, kisha jinsi nilivyokuwa naliangusha neno la mwisho tangu mwaka juzi, kisha nikamuuliza juu ya mikono yangu, nimekuwa nikiihofia mikono yangu siku zote. Vijana wake walisimama wakisubiri, hawajui wakae au wasimame. Mzee Lothar alijifunga na kujifungua kamba za viatu. Kengele za kanisa la ng'ambo ya mto zililia na kunyamaza.

Bwana Pohlenz alikuwa katikati ya sentensi kuhusu mikono yangu alipotazama chini.

"Vifungo," alisema.

Alinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyetolewa nje ya mchezo kabla haujaisha, na huo uliniogopesha kuliko mengine yote ya siku ile.

"Bi Hagedorn," alisema, "umeniuliza kwa sababu ulitaka kujua?"

Nilimjibu kwamba ndiyo. Na ilikuwa kweli kidogo, na nadhani aliliona hilo.

Duka lilifungwa Jumapili. Iliwabidi wamtafute meneja, naye alikuwa kwa wakwe zake. Walipopata anwani na kuvunja mlango wa chumba cha Emmerich, treni ya watembeaji ilikwisha kufika milimani, na watu wenye mashanta walikwisha kutawanyika kwenye njia za misitu zinazovuka mpaka wa nchi, kama wanavyofanya kila Jumapili. Nilijua alikuwa miongoni mwao nilipoteremka chini ya jukwaa. Koti la matembezi la Mzee Lothar halikuwepo kwenye ngazi. Shanta pia halikuwepo, lile la mchezo, lililojazwa magazeti ya kukunjwa ili lionekane zito.

Hilo walilitambua na wao. Mzee Lothar waliondoka naye, kwa kuwa koti lilikuwa na jina lake kwenye ukosi. Alirudi baada ya siku nyingi, ameinama upande, na tulipomuuliza alisema tu kwamba wale hawana sikio la kichekesho. Ukumbi ulifungwa. Bwana Kuhlbrodt alipata kazi mahali pengine, na alinisalimia barabarani kwa kuvua kofia mpaka siku nilipoondoka.

Nilimkuta Emmerich huko Zurich mwaka uliofuata. Alikuwa anaandika, nyuma ya karatasi za kufungia chokoleti sasa, na alikuwa amekonda zaidi. Ukumbi mmoja wa watu wetu waliokimbia ukachukua Klabu ya Matembezi. Niliigiza nafasi yangu ile ile. Kabla ya skafu nilisita, hatua tatu halafu kimya, na ukumbi mzima ukaacha kupumua. Mwalimu wangu wa hilo nilimjua, na nililitumia hata hivyo.

Mwishoni walimwita. Nilimkuta nyuma kabisa, kwenye kona ya seti za zamani, mkono mmoja umeshika mguu wa meza iliyopinduliwa. Nje watu walipiga makofi, wengine haraka, wengine polepole, mmoja akigonga sakafu kwa fimbo.

"Sikiliza," nilimwambia. "Hawapigi pamoja."

Alisikiliza, kichwa kikiwa kimeinama upande. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Bado," alisema.

Tulisimama hapo mpaka wakachoka na kwenda kuchukua makoti yao. Hata hapo hakuuachia mguu wa meza. Alikuwa anamsikiliza yule wa fimbo, aliyebaki peke yake, akigonga, akigonga, mpaka naye akaenda.